Rundo Namba Nne

Mutanu aliingiza mkono kwa rundo namba nne mpaka kiwiko, akatoa ngumi moja ya udongo, akanusa. Akanusa mara ya pili. Halafu akakaa chini hapo hapo na suruali yake safi ya kazi.

Ilikuwa dizeli. Na si ile harufu ya zamani iliyochoka, kama gunia limesahaulika kwa stoo ya fundi wa magari. Hii ilikuwa mbichi, ya kukata pua, kama imetoka kwa pampu saa hii. Na rundo namba nne lilikuwa limeacha kunuka tangu Julai. Katika marundo yote sita, namba nne ndiyo ilikuwa inasikia maneno. Wageni wakija, alikuwa anawapeleka huko kwanza, vile mama anamtanguliza mtoto anayejua kusalimia.

"Injinia, umepigwa na jua?" Mzee Jonah, askari wa lango, aliuliza kutoka kwa kiti chake cha plastiki.

"Niko sawa, mzee."

"Unakaa kama mtu ameletewa barua."

Mahali penyewe ni Kwa Mbelu, nyuma ya Kambu, pale ukitoka lami unatembea saa nzima kabla ubwekewe na mbwa. Mwaka jana lori moja la mafuta lilikwepa barabara ya Mombasa kwa sababu linazozijua lenyewe, likapita njia ya murram, likalala kwa kivuko cha mto. Mto wenyewe ni mchanga. Maji yako chini, na wanawake huchimba, wanangoja yajichuje, wanachota na kikombe. Dizeli ikaingia huko chini kama imealikwa. Kampuni yenye lori ikaamriwa mambo mawili: isafishe udongo na mchanga, na ilete maji safi kijijini kila Jumanne na Ijumaa mpaka maabara iseme udongo umepita kipimo. Siku hiyo ikifika, lori la maji litageuza na halitaonekana tena.

Kusafisha ndiyo ilikuwa kazi ya Mutanu. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na bakteria. Udongo wenyewe una vijidudu vinavyokula mafuta, vidogo mpaka jicho linashindwa, lakini ukiviacha vinakula polepole kama mgonjwa. Ukivipa mavi ya mbuzi, ukavinyunyizia maji, ukageuza udongo kila wiki vipate hewa, vinaamka na njaa. Vinakula mpaka rundo linapata joto. Mutanu alikuwa na kipimajoto kirefu kama mshale, na asubuhi akikidunga akute nyuzi thelathini na nane, alitabasamu peke yake huko shambani kama mtu ametongozwa.

Alikuwa amesomea hiyo kitu chuo kikuu, halafu akakaa miaka minane bila kuifanya. Alifundisha sayansi shule ya msingi huko Tseikuru. Akauza simu Emali. Hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya injinia, na ikatokea nyumbani kwao, kwa kijiji kilichomwona akiwa msichana akikimbia bila viatu. Watoto walimwita Injinia wa Mavi kwa sababu alizunguka boma kwa boma na gunia. Hakujali. Githaiga, meneja wa kazi, alimwambia kwa mdomo wake: marundo yakipita mwisho wa mwezi, Januari anaenda Mombasa, kuna ardhi kubwa imeharibika karibu na bandari, na atakuwa na watu kumi chini yake.

Sasa alidunga kipimajoto. Nyuzi ishirini na sita.

Akachukua jembe, akakwangua ngozi ya juu polepole. Chini ya udongo mkavu kulikuwa na shimo la panga, limezibwa vizuri, limekanyagwa na kisigino. Ndani udongo ulikuwa mweusi na unang'aa. Akatafuta lingine. Hakutafuta sana. Lilikuwa hapo mbele, kwa laini. Na lingine. Na lingine. Mtu mbaya humwaga mafuta haraka akitazama nyuma. Huyu hakumwaga. Huyu alipanda. Shimo, mafuta, funika, kanyaga, kama mbaazi.

Hapo ndipo angeachia. Lakini akili ya kupima ni ugonjwa. Akatoa tepi. Shimo la kwanza mpaka la pili, karibu mita moja. La pili mpaka la tatu, nusu mita. Karibu mita, nusu. Ndefu, fupi, ndefu, fupi, mpaka mwisho wa rundo.

Mutanu alizijua hizo hatua. Tangu akiwa mtoto alizifuata nyuma, na bakuli la mbegu mkononi. Nyonga ya kushoto ya mamake iliharibika kile kiangazi cha 2009, alipoanguka na mtungi wa maji kwa mawe ya mto, na tangu hapo shamba lao lote hupandwa hivyo. Wakati wa mvua unaweza kupita Kwa Mbelu na ulijue shamba la Kalekye bila kuuliza mtu. Mbaazi zake zinachechemea.

Alifukia mashimo yote na mikono. Alipofika langoni, Jonah aliangalia zile kucha.

"Mzee, Jumapili huwa unamwachia nani lango ukienda kanisani?"

Jonah alisukuma kofia nyuma. "Si ni mama yako. Alisema mguu unamsumbua, hawezi kufika ibadani. Akasema basi wacha akae hapa niende mimi. Jumapili tatu sasa." Akaangalia upande wa marundo, halafu upande ule mwingine. "Mwanamke mzuri sana."

Na hizo Jumapili tatu Mutanu alikuwa kanisani, safu ya mbele ya kwaya, akiimba sauti ya pili.

*

Kalekye alikuwa amekaa kwa kigoda nje ya jikoni, sinia ya mbaazi mapajani, anachambua. Nyuma yake kulikuwa na mapipa mawili ya buluu yamejaa mpaka juu, na mitungi ya manjano imepangwa kando ya ukuta kama watoto wa shule. Sukuma wiki ilikuwa imesimama kijani pale maji ya kuoga humwagwa. Mwaka mmoja na nusu nyuma, hapo palikuwa vumbi. Wayua, mke wa Kimeu, kaka yake Mutanu, alikuwa anafua mashati karibu na pipa, miguu imetawanyika kwa sababu ya tumbo. Miezi saba. Kimeu mwenyewe alikuwa Emali akipakia malori, anakuja mara moja kwa mwezi.

"Mwaitu," Mutanu alimwita mamake, "mguu unaendeleaje?"

"Unaendelea."

"Naona mwaka huu umepanda mbaazi mapema."

Mikono ya Kalekye haikusimama. Alitoa mawe mawili madogo, akayatupa. "Ulihesabu mashimo?"

"Nilipima."

"Hata ulipima." Mamake alicheka kidogo, puani. "Basi ile karo haikupotea."

"Mwaitu, usinichekeshe. Nimefanya hiyo kazi miezi kumi na moja."

"Najua. Ni mimi hukuoshea hizo nguo za mavi."

Mutanu alikaa kwa mtungi mtupu. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, makali, ya mtu amesoma, na sasa yalikuwa yametawanyika kama kuku. "Kwa nini namba nne?"

"Si wewe ulisema hiyo ndiyo itapita kwanza? Ulikuwa hapa, unakula muthokoi. Ukasema ikipita, hizo zingine zinafuata mwezi huo huo, halafu kampuni inafunga kazi. Ulikuwa umefurahi mpaka ukaongeza chakula." Kalekye aliinua sinia, akapeperusha maganda. "Mimi nikamwangalia Wayua."

"Na ni wewe peke yako?"

"Mwethya ni mwethya."

Hakuhitaji kueleza. Mwethya ni kile kikundi cha wanawake cha nyumba kumi na tisa, wanalimiana mashamba kwa zamu, wanajengeana, wanazikiana. Kalekye ndiye mwenyekiti. Tangu marundo yaje, mwethya ndiyo iliyoajiriwa kugeuza udongo kila Jumatano. Kitu mwethya imekubaliana hakuna anayekataa, kwa sababu ukikataa, siku paa lako litabebwa na upepo utaliangalia ukiwa peke yako. Na dizeli ilikuwa rahisi. Wanawake wanauzia madereva mahindi ya kuchemsha huko Kambu, na dereva akiombwa nusu chupa ya kuwashia moto anatoa bila kuuliza. Nyumba moja, chupa moja, kwa zamu. Jumamosi chupa zinafika kwa mwenyekiti.

"Lakini mchanga ukisafika, visima vinarudi," Mutanu alisema. "Hiyo ndiyo maana ya kazi. Mtakuwa na maji yenu."

"Yetu yapi?" Sasa Kalekye aliweka sinia chini. "Wewe umesahau kwa sababu ulikaa Tseikuru. Kabla ya hayo mafuta visima vilikuwa na maji mpaka Juni. Julai mpaka mvua, ni mto Athi. Kuenda ni masaa matatu, kurudi ni manne kwa sababu umebeba. Hayo mafuta, na Mungu anisamehe, ndiyo kitu ya kwanza imeleta maji mpaka mlangoni kwa hii kijiji. Serikali ilikuja ikachimba? Mjumbe alichimba? Lori lilianguka."

"Ni sumu, Mwaitu."

"Sumu iko mtoni. Sisi tunakunywa ya lori."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi wawili walikufa. Tuliwahesabu. Halafu tukahesabu na hao wengine walio hai kwa maji ya lori."

Wayua aliacha shati kwa beseni. Ni mtu hasemi sana, na akisema husema akiangalia kando. "Usimkasirikie mama," alisema. "Ni mimi nilileta hiyo maneno kwa mwethya. Niliuliza tu. Nikauliza, huyu nitamzaa kabla lori liondoke ama baada?"

Miaka miwili nyuma, Septemba, Wayua alitoka Athi na mtungi mgongoni, kamba kwa paji la uso, mimba ya miezi minane. Alifika na maji. Mtoto hakufika. Mutanu alikuwa Emali siku hiyo, akamtumia pole kwa simu.

"Na mimi?" Mutanu aliuliza, na akachukia vile sauti yake ilitoka, ndogo, ya mtoto ameachwa nyuma. "Januari ningeenda Mombasa, Mwaitu. Miaka minane nimengoja mtu aniite injinia."

"Najua. Ndio maana nilifanya na roho nzito," Kalekye alisema. "Lakini nilifanya."

Jogoo alipita katikati yao, akachagua mbaazi moja, akaenda.

"Utasema?" mamake aliuliza.

"Sijui."

"Kama utasema, sema ni mimi peke yangu. Mwethya usiitaje." Akavuta sinia, akaisukuma mpaka ikafika katikati yao wawili. "Hebu nisaidie. Macho yangu hayaoni mawe."

Mutanu akasogea, akaanza kuchambua.

*

Jumatano wanawake walikuja na majembe na nyimbo kama kawaida. Walijua kwamba anajua. Ilionekana kwa vile walifanya kazi: waligeuza udongo kwa nguvu kupita kiasi, kama mtu anayefagia nyumba ya mama mkwe. Hakuna aliyemwangalia usoni ila Mwongeli, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Injinia, wadudu wako wameamkaje leo?"

"Salama."

"Wamekula?"

"Wamekula."

"Wana bahati. Mimi nimetoka nyumbani na chai ya rangi." Wanawake wakacheka, fupi, halafu wimbo ukafunika.

Gari la Githaiga lilifika saa nne. Alikuwa mtu wa Nyeri, mrefu, mwenye adabu, na viatu vilivyomfanya achague pa kukanyaga. Hakutoka mbali na gari. Alimwita Mutanu kwa mkono, akatandika karatasi kwa boneti, akaziwekea simu juu zisipeperuke. Rundo namba nne lilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Wimbo ulishuka kidogo.

"Namba nne," alisema. "Mwezi jana maabara ilisema elfu moja na mia mbili. Kipimo ni elfu moja. Nilikuwa nishaambia wakubwa wanunue soda. Mwezi huu inasema elfu saba." Akageuza karatasi ya pili. "Na hii ndiyo chati. Mimi nilisomea biashara, Mutanu. Hii kwangu ni picha ya kitana. Nisomee."

Mutanu aliangalia. Ilikuwa kitana kweli, mistari mirefu na mifupi imesimama kwa laini, kila mmoja aina moja ya mafuta yaliyo ndani ya dizeli. Bakteria huanza na meno ya mbele, yale laini. Dizeli iliyokaa kwa rundo miezi kumi na moja huwa ni kitana cha bibi mzee, mapengo mbele, meno machache nyuma. Hiki hakikuwa na pengo hata moja. Kilikuwa kimetoka dukani. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeona.

"Wanasheria wameniuliza swali moja," Githaiga aliendelea, na akashusha sauti, si kwa ubaya. "Kuna mtu anamwaga, ama wadudu wameshindwa? Kwa sababu amri imeandikwa vizuri. Wanakijiji wakiharibu kazi, kampuni haidaiwi maji tena. Kama kuna mtu anamwaga, lori linasimama Ijumaa hii. Polisi watakuja waulize maswali yao. Na wewe tunakuhesabia kile kipimo cha mwezi jana, umepita, Januari uko Mombasa. Sihitaji hata jina. Mstari mmoja tu na sahihi."

"Na kama ni wadudu?"

"Basi njia yako imeshindwa. Kuna kampuni nyingine itapewa kazi, wapime upya, wachimbe yote, wapeleke mbali. Mwaka mmoja, mwaka na nusu. Maji yataendelea kuja." Alisugua jicho. "Lakini nitalazimika kuandika kwamba njia ya Injinia Mutanu Mutisya imeshindwa. Na hii kazi yetu ni ndogo. Watu wote wanasoma ripoti za wote. Hata Mombasa watasoma."

Mutanu alirudia kuangalia chati.

"Mimi najua si wadudu," Githaiga alisema. "Ninyi wawili mlikuwa mnaongea vizuri sana, wewe na hao wadudu. Lakini injinia si mimi."

Wimbo ulikuwa umekwisha. Mutanu aligeuka. Wanawake kumi na tisa walikuwa wamesimama kwa lile rundo na majembe, kama watu wanangoja kupigwa picha. Mamake alikuwa mwisho, uzito wote kwa mguu wa kulia, mpini wa jembe chini ya kwapa. Hakuwa anamwomba kitu. Alikuwa anamwangalia vile alimwangalia siku ile ya matokeo ya darasa la nane, tayari kwa lolote. Wayua hakuwepo. Wayua alikuwa nyumbani, karibu na pipa.

"Wamekufa," Mutanu alisema.

"Sema vizuri, niandike."

"Bakteria wamekufa. Ni makosa yangu." Akasikia sauti yake ikipanda, mpaka ikafika kwa wanawake, na hakuirudisha chini. "Kiangazi kilipozidi nilianza kubania maji. Niliona haya kunyunyizia udongo maji na watu wana kiu. Nikawa nanyunyiza kidogo kidogo. Walikufa kiu."

Githaiga alimwangalia, akatoa kalamu mfukoni, akaifungua mwenyewe, akampa. Boneti ilikuwa moto, ikamchoma mkono alipoegemea kuweka sahihi. Aliandika jina lote, na lile neno Injinia mbele, mara ya mwisho.

"Ijumaa utarudisha vifaa," Githaiga alisema akikunja karatasi. "Na koti. Pole, Mutanu. Enyewe, pole."

Gari lilipogeuza, Mwongeli alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Si nilisema?" alipaza. "Si nilisema uchafu hauwezi kutoa uchafu? Injinia wa Mavi, rudi ufundishe watoto." Na wanawake wakacheka. Walicheka sana, wengine wakashika mbavu, kwa sababu kicheko kilikuwa kimengoja kutoka tangu asubuhi pamoja na vitu vingine. Mzee Jonah langoni alicheka bila kujua anacheka nini. Kalekye alicheka mwisho kabisa. Mwenyekiti asipocheka, mtu angeuliza kwa nini.

*

Ijumaa Mutanu alirudisha kipimajoto, tepi, buti na koti lenye jina la kampuni mgongoni. Kijana aliyetumwa kuvichukua alihesabu kila kitu mara mbili, akamuuliza kama kuna kalamu pia. Kabla ya kutoka, Mutanu alipita kwa rundo namba tano. Alivua saa, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akaufungua huko ndani.

Joto. Joto kama tumbo la ng'ombe. Walikuwa wazima kabisa, wanakula, hawajui wameandikiwa kifo. Namba moja, joto. Namba sita, joto. Hata namba nne, kwa kina, ilikuwa imeanza kupata uvuguvugu tena. Hapo ndipo hesabu ilimjia yote mara moja, na hakuipenda. Hata bila yeye, hata bila kugeuzwa, marundo haya yangeshuka. Mwezi, mwezi na nusu. Injinia mpya wa ile kampuni nyingine alikuwa anafika Jumatatu, na kazi yake ya kwanza ni kupima wiki hadi wiki kabla ya kuchimba. Angekuta kazi imejifanya. Angeandika imepita, na lori lingegeuza kabla Wayua hajazaa. Alikuwa ametupa miaka minane kununua wiki tano.

Na kama wanawake wangemwagia tena vile walivyomwagia, huyo mpya angesoma kitana, angeona meno yote, na hangeona haya ya mtu yeyote. Si mtoto wa mtu hapo.

Lori la maji lilikuwa limefika alipotoka. Alichukua mitungi miwili ya nyumbani, akasimama nyuma ya laini. Dereva alimwona.

"Injinia, hata wewe unapanga laini? Si ulikuwa unachota mbele?"

"Ilikuwa zamani."

"Zamani ya juzi," Mwongeli alisema kutoka mbele. Lakini alitoka kwa nafasi yake, akarudi nyuma, akachukua mtungi mmoja wa Mutanu, akauweka mbele ya wake. Hakusema kitu kingine, na kwa Mwongeli hiyo ilikuwa ni hotuba.

Alasiri mwethya ilikutana kwa Kalekye, kama kila Ijumaa. Wanawake walikaa kwa mikeka, wengine kwa mitungi. Wayua alileta chai. Mutanu alitoka ndani ya nyumba na rinda la kawaida na kitambaa kichwani. Mamake alimsogezea kigoda. Mutanu hakukaa.

"Jumatatu kuna mtu anakuja," alisema. "Atapima. Marundo hayajafa. Niliwadanganya wale, sasa nawaambia ninyi ukweli. Yatapita."

"Ai," mtu alisema polepole.

"Chupa za Jumamosi ziko ngapi?"

Kalekye aliangalia wenzake, halafu akasema, "Nne."

"Ni mpya?"

"Ni za jana."

"Mpya inaonekana kwa maabara. Inajitaja yenyewe. Mkachimbe mchanga ule wa mtoni, chini ya kivuko, ule mweusi. Hiyo ni ile ile ya zamani, haina meno ya mbele. Changanyeni hiyo kwa marundo, si hii ya chupa." Alikuwa anaongea haraka, bila kupumua katikati, vile alivyokuwa akieleza wageni waliotoka Nairobi. "Na si namba nne peke yake. Kidogo kila rundo. Rundo moja likiugua peke yake, mtu anauliza. Yakiugua yote, mtu anasema ni kiangazi."

Walimsikiliza. Kwa miezi kumi na moja alikuwa amewaeleza vile bakteria hula, na walisinzia. Leo hakuna aliyesinzia. Mmoja alikuwa anahesabu kwa vidole ili asisahau.

"Na msipande," Mutanu alisema.

"Tusipande vipi?"

Alichukua fimbo iliyokuwa kwa ukuta, akaenda katikati ya kiwanja, mahali mamake hufagia kila asubuhi. Akadunga chini. Akaenda hatua mbili, akadunga. Akarudi nyuma nusu hatua, kando, akadunga. Akaruka mbele. "Hivi. Kama kuku anadonoa. Mkienda kwa laini, mtu akikwangua anajua ni mkulima. Na akipima anajua ni nani."

Wanawake walisimama, mmoja mmoja, wakajaribu, kila mtu na chupa yake tupu. Ilikuwa ngumu. Mwongeli alidunga mara tatu, akageuka kuangalia, akakuta laini imenyooka kama ya mwalimu. "Miguu imezoea," alisema, na hakuna aliyecheka. Walijaribu tena. Kiwanja kizima kilijaa vitundu.

Kalekye alikuwa wa mwisho kuinuka. Alishika fimbo, akadunga, akavuta mguu, akadunga. Alijaribu kwenda kando. Alijaribu kurudi nyuma. Haikujalisha. Mutanu aliangalia chini akaona zimetokea zenyewe, nyonga imeziandika kwa vumbi: ndefu, fupi, ndefu, fupi.

Mamake pia aliziona. Akasimama hapo na fimbo mkononi.

Mutanu alienda akaichukua kwake, taratibu. Akafuta vile vitundu kwa unyayo, kimoja kimoja.

"Mwaitu, Jumapili wewe nenda kanisani," alisema. "Vaa kile kitambaa chako cheupe, ukae mbele wakuone. Waambie kwaya wasiningoje. Na upite kwa Mzee Jonah, umwambie asiwe na wasiwasi na lango." Akaegemeza fimbo kwa ukuta mahali pake. "Mwambie mguu umehamia kwangu."